"Shoki Imekufa": Lugha ya Gereji na Ufufuaji wa Uma wa Mbele wa Pikipiki Kuukuu

1. Utangulizi

Katika gereji za Afrika Mashariki, kitu kilichoacha kufanya kazi husemwa kuwa kimekufa. Betri hufa, breki hufa, na shoki nazo hufa. Kauli hiyo ni fupi na humwelea kila aisikiaye: mwenye pikipiki huitamka, fundi huitikia kwa kichwa, na kazi huanza. Hata hivyo, ina upungufu mmoja unaostahili kuangaliwa na wanaisimu, nao ni kwamba inatangaza mauti bila ya kutaja ugonjwa. Shoki inayovuja mafuta imekufa, iliyopinda imekufa, ile ambayo springi yake imechoka imekufa, na ile ambayo mafuta yake yamechanganyika na maji, nayo pia imekufa. Magonjwa hayo manne yana tiba nne mbalimbali. Fundi anayetibu mmoja akidhani ametibu mwingine humrudisha mwenye chombo barabarani akiwa katika hatari ileile aliyokuja nayo, ila sasa amekwisha lipa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uma wa mbele wa pikipiki kuukuu unavyofunguliwa, unavyokaguliwa na unavyoungwa upya, na papo hapo kuyapima maneno yanayotumika katika kazi hiyo. Hoja yake ni kwamba Kiswahili tayari kina msamiati wa kutosha kuifundisha kazi hii hatua kwa hatua, isipokuwa mahali pamoja, yaani pale inapohitajika kutofautisha kazi ya springi na kazi ya mafuta. Hapo ndipo kasoro ya neno inapoweza kuzaa kosa la mkono.

2. Uma na majina ya viungo vyake

Pikipiki za mwanzo zilikuwa na uma mgumu kama ule wa baiskeli. Baadaye ukaenea uma wa vyuma vilivyoungwa kwa bawaba, wenye springi mbele ya usukani, ambao mtikisiko wake ulipunguzwa kwa msuguano wa visahani vilivyokazwa pamoja. Mwaka wa 1935 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki aina za R12 na R17 zilizokuwa na uma wa mabomba yanayoingiana, huku mtikisiko ukitulizwa kwa mafuta yaliyomo ndani. Baada ya Vita Vikuu vya Pili mtindo huo ulienea upesi. Haukuwa mtindo wa pekee, kwani Honda Super Cub iliyotolewa mwaka wa 1958 ilikuwa na mikono mifupi ya bawaba penye gurudumu la mbele. Lakini pikipiki nyingi za Kijapani za miaka ya 1970 ziliufuata, na pikipiki nyingi zinazobeba abiria katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki hivi leo zinaufuata pia. Maelezo yanayofuata yanahusu uma wa namna hiyo kama ulivyoundwa katika miaka ya 1970.

Neno "uma" lenyewe lina tatizo dogo la kisarufi. Wingi wake katika ngeli ya u-/zi- ni "nyuma", na mtu atakayesema kwamba amerekebisha "nyuma mbili za mbele" atachekwa kabla ya kueleweka. Hapana ajabu, basi, kwamba "foki", neno lisilobadilika katika wingi, limepata makao katika gereji. Makala haya yatatumia "uma" katika umoja tu, na kila upande wa uma yatauita "mguu", kwa kuwa pikipiki husimama juu yake.

Kila mguu una mabomba mawili. Bomba la ndani ni la chuma kilichopakwa kromu, nalo hushikwa juu na vibano viwili vinavyozunguka pamoja na usukani. Bomba la nje, ambalo aghalabu ni la alumini, hupanda na kushuka juu ya lile la ndani na ndilo linaloshika ekseli ya gurudumu. Ndani ya bomba la chuma mna springi ndefu, na chini ya springi mna ufito mnene wenye uwazi ndani yake na matundu ubavuni, uliofungwa kwa bolti inayopita katika kitako cha bomba la nje. Mafuta huyazunguka yote hayo. Kwenye mdomo wa bomba la nje kuna sili ya mpira inayoyazuia mafuta yasitoke, na juu ya sili kuna kifuniko cha vumbi.

Majina haya yanadhihirisha historia ya lugha. "Bomba" na "parafujo" ni maneno ya Kireno. "Msumari" umetoka katika Kiarabu. "Karakana" ilisafiri kutoka Kiajemi. "Spana", "nati", "bolti", "sili" na "grisi" ni za Kiingereza. Kwa springi, Kiswahili kina pia neno la zamani "kamani", lililotumika kwa springi ya saa na ya mitambo. Msemaji hupokea neno pamoja na kitu kipya, na baada ya kizazi kimoja hakumbuki kwamba lilipokewa.

"Shoki" ni kisa cha namna nyingine. Istilahi ya Kiingereza iliyokuwa asili yake ina sehemu mbili, ya kwanza ikitaja mshtuko na ya pili ikitaja kitu kinachoumeza mshtuko huo. Umbo la "shokomzoba" lilizihifadhi sehemu zote mbili kwa sauti, ingawa sehemu hizo hazimwambii neno msemaji wa Kiswahili. Umbo fupi la "shoki" liliichukua sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili. Kilichosalia ni jina la pigo. Aliyelimeza pigo hilo hakutajwa.

3. Kazi mbili ndani ya mguu mmoja

Upungufu huo unaonekana mara tu utendaji wa mguu unapoelezwa. Gurudumu linapokutana na tuta, bomba la nje hupanda na springi hubanwa. Springi inabeba: inaubeba uzito wa pikipiki na wa mpandaji, na inaupokea uzito wa pigo. Lakini springi haipotezi kile ilichokipokea. Hukirudisha. Ikiachwa peke yake, itanyanyuka, itashuka, itanyanyuka tena, na gurudumu litakuwa likiruka barabarani kama mpira.

Mafuta ndiyo yanayoukata mruko huo. Mguu unapofupika na unaporefuka, mafuta hulazimika kupita katika matundu ya ufito. Matundu ni membamba, na kadiri mwendo wa mguu unavyozidi kasi ndivyo mafuta yanavyozidi kupinga. Nguvu ya pigo hugeuka joto ndani ya mafuta. Njia za kupita wakati wa kurudi ni finyu kuliko zile za wakati wa kushuka, ili springi isirejee kwa kishindo. Mafuta, basi, hayabebi uzito wa pikipiki iliyosimama. Kazi yake ni kutuliza.

Kuna na mshiriki wa tatu asiyeonekana, naye ni hewa iliyobaki juu ya mafuta. Mguu unapofupika hewa hiyo hubanwa nayo ikawa kama springi ya pili, ambayo huzidi kuwa ngumu kadiri mguu unavyokaribia mwisho wa safari yake. Nafasi yake huamuliwa na kimo cha mafuta. Mafuta yakizidi, hewa hupungua, shinikizo hupanda, na sili ndiyo inayolipa.

Kubeba na kutuliza ni kazi mbili, na "shoki" ni jina moja. Fundi aliyefunzwa kwa jina hilo pekee anaweza kuona uma unadunda, akafikiri springi imelegea, akaongeza kipande cha bomba juu yake ili kuikaza. Springi iliyokazwa huanza ikiwa imekwisha kubanwa, uma husimama juu kuliko ulivyokusudiwa, na mdundo unabaki, kwa sababu mafuta yaliyochoka bado yamo mle mle.

4. Kufungua

Kazi ya kufungua huanza kabla ya gurudumu kuondolewa. Kwanza hulegezwa kibano cha juu, kisha kifuniko kilichoko juu ya bomba la ndani hulegezwa kidogo, maadamu kibano cha chini bado kimelishika bomba lisizunguke. Pia bolti ya kitakoni hulegezwa wakati huohuo, kwa sababu springi bado inaukandamiza ufito na kuuzuia usizunguke pamoja na bolti. Fundi asiyezingatia utaratibu huo atajikuta na mguu mkononi, bolti inazunguka na ufito unazunguka nayo. Dawa inayojulikana ni kuchonga ncha ya mpini wa ufagio, kuupenyeza ndani ya bomba mpaka ung'ang'anie kichwa cha ufito, na kumpa msaidizi aushike.

Baada ya hapo pikipiki huinuliwa na kuegemezwa imara, gurudumu, breki na madigadi huondolewa, na kila mguu huteremshwa kwa kuuzungusha huku ukivutwa chini. Ukikwama kwa kutu, hutiwa mafuta ya kupenya na kuachwa. Nyundo haina kazi hapa. Kifuniko cha juu hufunguliwa kikiwa kimefunikwa kitambaa na kukandamizwa kwa kiganja, kwani springi iliyo chini yake inaweza kukirusha usoni. Springi hutolewa, na fundi hukumbuka ncha ipi ilikuwa juu. Mafuta humwagwa katika chombo safi ili yaangaliwe: yakiwa na rangi ya kijivu na weupe kama maziwa, maji yameingia, yakimetameta kwa chembe za chuma, kuna mahali panapolika. Mwisho hutolewa bolti ya kitakoni, mabomba hutenganishwa, pete ya chuma inayoishikilia sili hutolewa, na sili hung'olewa kwa uangalifu, kipande cha mti kikiwekwa chini ya chuma cha kung'olea ili mdomo wa alumini usikwaruzwe.

Katika hatua hii sarufi ya Kiswahili inasaidiana na kazi kwa namna ya kupendeza. Kitenzi cha kufunga kina kinyume chake ndani ya mnyambuliko: funga na fungua, chomeka na chomoa, pachika na pachua, ziba na zibua. Mafunzo ya ufundi katika lugha nyingine husema tu kwamba kuunga ni kinyume cha kufungua. Kiswahili huisema kanuni hiyo katika kila kitenzi. Lakini kanuni ina mipaka, na mipaka ya lugha hapa hukaribiana na ile ya chuma. Kinyume cha "pinda" hakipatikani kwa mnyambuliko huo: "pindua" ni jambo jingine kabisa, na anayetaka kuondoa mpindo hulazimika kutumia kitenzi kingine, "nyoosha". Vivyo hivyo sili iliyong'olewa hairudishwi mahali pake. Huwekwa mpya.

5. Kukagua

Bomba la ndani hukaguliwa kwanza. Njia nyepesi ni kulizungusha juu ya kioo kinene na kutazama mwanga unaopita chini yake. Njia ya hakika ni kulilaza juu ya vyuma viwili vyenye umbo la V na kulizungusha likigusa kipimo cha saa. Kwa pikipiki nyingi za Honda, kikomo kilichowekwa na vitabu vya matengenezo ni milimita 0.2. Bomba lililopinda kidogo linaweza kunyooshwa kwa mashine ya kukandamiza na fundi mzoefu. Lililokunjika hata likaonyesha mkunjo, au lililopasuka kromu penye mpindo, halinyooshwi. Hutupwa, kwa sababu chuma chake kimekwisha dhoofika mahali hapo.

Kisha hutazamwa kutu. Waswahili husema kutu "imekula" chuma, na kitenzi hicho ni sahihi kabisa, kwani panapoliwa hubaki shimo. Fundi hupitisha ukucha juu ya kromu katika sehemu inayosuguliwa na sili. Ukucha ukinasa, mdomo wa sili nao utanasa, na sili mpya itavuja baada ya muda mfupi. Mashimo machache na madogo huweza kusafishwa, kujazwa gundi ngumu ya epoksi, na kulainishwa kwa msasa laini sana. Yakiwa mengi, hapana budi kununua bomba jipya au kulipeleka lile la zamani likapakwe kromu ngumu: kromu ya zamani huondolewa, bomba husagwa, hupakwa upya kwa umeme, kisha husagwa tena lifikie kipenyo chake cha asili. Kutu iliyo juu ya mahali sili inapofika haina madhara makubwa ila kuchukiza macho.

Springi za miguu miwili hupimwa urefu zikiwa huru na kulinganishwa na kipimo cha kiwanda. Iliyofupika kupita kikomo hubadilishwa, na hubadilishwa zote mbili pamoja. Mwisho, bomba la ndani huingizwa ndani ya la nje bila ya mafuta na kutikiswa. Likicheza sana, bushi zimelika. Na katika miguu isiyokuwa na bushi, alumini yenyewe ndiyo iliyolika.

6. Kuunga upya

Sehemu zote husafishwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa. Washa ya shaba iliyo chini ya bolti ya kitakoni huwekwa mpya. Isipopatikana, ile ya zamani huchomwa moto mpaka iwe nyekundu na kuachwa ipoe, ili shaba ilainike na iweze tena kuziba. Ufito huingizwa ndani ya bomba la chuma, bomba hilo huingizwa ndani ya lile la alumini, na bolti hukazwa.

Sili hupakwa grisi mdomoni. Mwisho wa bomba huvishwa mfuko wa plastiki ili makali yake yasiukate mdomo wa mpira, na sili huteremshwa ule upande wenye kispringi chembamba ukitazama chini, kwenye mafuta. Hugongwa sawasawa kwa kipande cha bomba chenye kipenyo kinacholingana nayo, mpaka mfuo wa ile pete ya chuma uonekane wazi. Sili iliyoingia upande itavuja hata ikiwa mpya.

Ndipo yanapotiwa mafuta. Uma mwingi wa miaka hiyo ulikusudiwa mafuta mepesi ya uma, aghalabu ya daraja la 10. Mafuta mazito ya injini huonekana kuwa nafuu, lakini huuchelewesha mguu kurudi. Mashimo ya barabara yakifuatana, mguu hauwahi kurefuka kabla ya pigo jingine, na uma huzama hatua kwa hatua. Baada ya kutiwa mafuta, mguu husukumwa juu na chini mara kadhaa ili kuitoa hewa iliyonaswa, kisha hufupishwa kabisa bila ya springi, na kimo cha mafuta hupimwa kutoka ukingo wa juu wa bomba. Kipimo hiki kina uhakika zaidi kuliko kiasi kilichomiminwa, kwa sababu miguu miwili haibaki na mafuta sawa ndani yake baada ya kusafishwa. La lazima ni kwamba miguu yote miwili iwe na kimo kimoja.

Miguu inaporudishwa, kibano cha chini hukazwa, vifuniko vya juu hukazwa, kisha kibano cha juu. Gurudumu huingizwa na nati ya ekseli hukazwa, lakini bolti zinazoibana ekseli huachwa zimelegea. Pikipiki hushushwa, breki ya mbele hushikwa, na usukani husukumwa chini mara kadhaa ili miguu ijipange sambamba. Hapo tu ndipo bolti hizo hukazwa. Zikikazwa mapema, miguu hubanana, na uma mpya hukwama kama uliopinda.

7. Kuvunja neno "kufa"

Baada ya maelezo hayo inawezekana kurejea kwenye kauli iliyoanzisha makala. Uma uliokufa hujieleza kwa vitenzi vinne, na vyote ni vya Kiswahili cha kila siku. Uma unaozama, yaani unaokaa chini hata pikipiki ikiwa imesimama, unalalamikia springi. Uma unaodunda baada ya tuta unalalamikia mafuta. Uma unaovuja unalalamikia sili, na nyuma ya sili huenda ukawa unalalamikia kromu iliyoliwa. Uma unaokwama katika mwendo wake unalalamikia bomba lililopinda au miguu iliyofungwa bila ya kupangwa. Mwalimu wa ufundi anayemtaka mwanafunzi aache kusema "imekufa" na aseme inazama, inadunda, inavuja au inakwama, amekwisha kumfundisha nusu ya kazi.

Linalobaki ni lile pengo la sehemu ya pili, iliyoachwa nje wakati "shoki" ilipoingia. Taratibu za kusanifisha lugha, tangu Kamati ya Lugha ya mwaka wa 1930 hadi Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa Tanzania mwaka wa 1967, zimezoea kujaza mapengo ya namna hii kwa istilahi ndefu zinazotafsiri kila kipande cha neno la kigeni. Istilahi za aina hiyo huweza kuwa sahihi na bado zisivuke mlango wa gereji. Inafaa zaidi kuliacha "shoki" liwe jina la mguu mzima, kwa kuwa limekwisha kubalika, na kuzitaja kazi mbili zilizomo ndani yake kwa maneno yaliyopo: springi, au kamani kwa wanaolipenda neno la kale, kwa ile inayobeba, na kitulizo kwa mafuta pamoja na ufito wake. Kitulizo katika matumizi ya kawaida ni kile kinachopunguza maumivu au huzuni bila ya kuondoa chanzo chake. Mafuta ya uma hufanya hivyohivyo: hayaliondoi tuta barabarani, bali hupunguza yale yanayofuata baada yake.

Suala hili halihusu kamusi peke yake. Mafuta yanayovuja kutoka katika mguu wa mbele huteremka kuelekea gurudumu na breki, na gurudumu linalodunda haligusi barabara wakati wote, wala breki haiwezi kulisaidia linapokuwa hewani. Anayeumia ni mpandaji pamoja na abiria wake. Tangu Katiba ya 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya, lakini vitabu vya matengenezo ya pikipiki hizi viliandikwa kwa Kijapani na Kiingereza, ilhali mazungumzo yanayoamua kama zitatengenezwa vyema hufanyika kwa Kiswahili, kati ya mwenye chombo na fundi, chini ya jua. Idara za lugha zinaweza kuanza kazi yake hapo: kuyakusanya maneno ya mafundi kama yanavyosemwa, kuyapanga kwa kadiri ya kazi yanayoifanya, na kuyarudisha kwa wenyewe katika miongozo midogo inayoweza kusomwa mikono ikiwa na grisi.